Kiwiko Kwenye Meza ya Mabamba

Tarehe 30 Juni, Fundi wetu wa chumba cha vipimo anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minne ya kazi. Wengi tunamwita Mnara kwa urefu wake. Jina hilo alipewa na marehemu mume wangu, mtafiti wa chumba hicho, naye Mnara akalipiza kwa kumwita Nusu Mita. Mimi ni karani wa mapokezi, na wafanyakazi wenzangu wameniomba niandike. Naandika, ingawa tangu Jumanne ya wiki iliyopita akili yangu haijatulia.

Mnara aliajiriwa kufunga mabomba ya pampu. Kung'arisha mabamba ya metali alijifunza mwenyewe, mpaka ukiyatazama unahesabu meno yako. Aliwahi kumtoa mkurugenzi chumbani kwa sababu ya viatu vyenye vumbi. Mkurugenzi akavivua, akarudi na soksi iliyotoboka kidoleni.

Kwa ambao hawajaingia chumba kile: mabamba mawili madogo huwekwa karibu sana, hata unywele haupiti, ndani ya chombo kilichonyonywa hewa yote. Kati yao hamna kitu, lakini yanavutana, kwa kuwa hata utupu una nguvu zake. Mume wangu aliuliza jambo moja: je, mvuto huo haubadiliki ukiyageuza mabamba kuelekea upande mwingine? Tumefundishwa kwamba kwa maumbile pande zote ni sawa. Zipo nadharia zinazosema huenda si kweli. Basi Mnara aligeuza chombo juu ya meza ya jiwe, na mume wangu akasoma kipimo kwenye lenzi. Hakumruhusu mwingine kusoma. "Jicho moja, daftari moja," ndiyo ilikuwa sheria yake.

Kwa miaka minne, mabamba yakielekea mashariki, mvuto ulizidi. Ulizidi kidogo mno, lakini kila mara. Taarifa ikaandikwa. Mwezi Februari, kabla haijatumwa kwa jarida, mume wangu alijilaza baada ya chakula cha mchana, na hakuamka.

Mnara akaendelea kusoma yeye. Mashariki haikuzidi tena. Alidhani ameharibu chombo, akakifungua na kukifunga mara tatu. Ndipo alipoona mezani, upande wa ukutani, mng'aro wa jiwe umefifia mahali penye ukubwa wa kisosi. Chombo kikielekea mashariki, lenzi hukaa upande huo, na nafasi ni finyu. Mtu mfupi haifikii mpaka aegemeze kiwiko. Mnara huifikia kwa kuinama tu. Na meza ile imekaa juu ya springi, ukiiegemea inalala kidogo, na mabamba yanakaribiana. Akajaza mchanga kwenye mfuko, akauweka palepale. Mashariki ikazidi tena, kwa tarakimu zilezile.

Zilikuwa zimebaki siku chache astaafu. Angeweza kunyamaza, taarifa ikatumwa, na jina la mume wangu likasomwa dunia nzima. Badala yake Jumanne ile alikuja mapokezi, kabla hata ya kumwendea mkurugenzi, akafunga mlango.

"Dada, kaa kwanza," aliniambia. Kisha akasema, "Ile mashariki yetu ni kiwiko chake."

Nilimwuliza kama ana hakika, nikamwuliza tena, nikamwuliza mara ya tatu, kama nilivyomwuliza daktari Februari.

Taarifa imerekebishwa. Sasa inasema pande zote zimeonekana sawa, na tofauti ya zamani ilitokana na mkono wa msomaji. Jina la mume wangu bado ni la kwanza. Mnara ndiye aliyeshikilia hilo mbele ya mkurugenzi, akisema kwamba bila daftari safi la Nusu Mita kosa lenyewe lisingeonekana kamwe.

Mfuko wa mchanga alinipa mimi. Una kilo tatu na robo. Nimeuweka jikoni, kwenye kiti cha mume wangu, na jana niliupakata mpaka chai ikapoa.

Asante, Mnara, kwa kuja kwangu kwanza. Sasa nenda upande wowote unaoupenda, kwani ni wewe uliyehakikisha kwamba zote ni sawa. Wote hapa tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na siku njema. Na ukipita mapokezi, egemea meza yangu utakavyo.