Dawa Niliyoandika Kwamba Haitembei

Mulembe, ndugu zangu. Na nyinyi wa upande wetu wa Malaba, nawaamkia kwa lugha yetu: yoga. Mwenyekiti wa kikundi chenu alinipigia juzi akaniomba nije niwasimulie, nikamjibu nitakuja lakini aniwekee maji karibu, maana habari hii hukausha mdomo. Naona chupa iko. Asante, mama.

Nianze na lile gumu, ili anayetaka kutoka atoke mapema. Nyinyi mlioketi hapa ni wazazi wa watoto wenye sikoseli. Mnakumbuka ule mwaka ambao vidonge vyao vya kila siku, vile vinavyozuia maumivu yasirudi, vilipotea kwenye kemisti zetu kuanzia Malaba mpaka kule Funyula. Wengine mlisema ni serikali. Wengine mkasema vimezuiliwa barabarani. Ndugu zangu, nawaambia, havikuzuiliwa mahali popote. Ni mimi niliyeviondoa. Niliviondoa kwa kalamu nyekundu, nimekaa kwenye kiti, nimeshiba.

Wakati huo nilikuwa nasimamia stoo moja ya dawa za jumla hapa Busia mjini. Kemisti ndogo na zahanati huleta oda zao kwangu, mimi nazijumlisha, naagiza Nairobi, lori linaleta. Kazi yenyewe hasa ni kukisia. Lori halifiki siku unayolihitaji, kwa hivyo lazima ujue leo watu wataugua nini mwezi ujao. Na mimi nilikuwa najua, sitawadanganya. Mvua ya kwanza ikinyesha nahesabu wiki tatu, dawa ya malaria inaanza kukimbia. Foleni ya malori ikirefuka pale Malaba, madereva wanakaa njiani siku nyingi wakila chochote, naongeza dawa ya tumbo. Bosi wangu akaanza kuniita Nabii. "Nabii, mwezi ujao tunaugua nini?" Watu wanacheka. Mimi pia nilicheka, lakini moyoni cheo nilikuwa nimeshakikubali.

Kila dawa ilikuwa na kadi yake, inaonyesha zimetoka ngapi kila mwezi. Naangalia miezi mitatu, naongeza kidogo juu, naagiza. Na sisi watu wa biashara tuna neno letu, mnalijua: kitu kikinunuliwa tunasema kinatembea. Kisiponunuliwa, hakitembei. Dawa ikimaliza miezi mitatu haijatoka, nilikuwa naandika juu ya kadi yake HAITEMBEI kwa wino mwekundu, halafu nafasi yake kwenye rafu naipatia nyingine. Bosi aliipenda sana hiyo kalamu.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe, kwa sababu halikuonekana kama kosa. Vidonge vya watoto wenu vilikosekana kwa miezi miwili huko vinakotoka. Watu wa rejareja walikuja dirishani kwetu, wakauliza, nikawaambia imeisha, wakaenda. Wenye kemisti wakapiga simu, nikawaambia imeisha, wakaacha kupiga. Wote hao waliorudi mikono mitupu hawakuandikwa popote, maana kadi huandika kilichotoka tu. Mwezi wa kwanza sufuri. Wa pili sufuri. Wa tatu nikaletewa vikopo vichache, vikakaa tu, kwa sababu mlikuwa mmeshakata tamaa, mmeshaanza kuvuka mpaka kutafuta Uganda. Mwisho wa mwezi nikatazama kadi: sufuri tatu zimepangana. Nikachukua kalamu. Vile vikopo nikavirudisha na lori lile lile.

Niliandika kwamba hakuna anayeitaka dawa hii, kumbe wanaoitaka niliwafukuza mwenyewe.

Na ile nafasi kwenye rafu niliipatia nani? Malaria. Mawingu yalikuwa yamejaa, kila mtu anasema mwaka huu mvua itatuzamisha. Na kuna tabia hapa kwetu, msijifanye hamuijui. Mwenye kemisti akitaka katoni tano anaagiza kumi, kwa sababu anajua stoo itamkatia nusu. Mimi nami, kwa sababu najua wamezidisha, nawakatia nusu. Tulikuwa tunadanganyana hivyo kwa heshima miaka mingi. Mwaka huo wakazidisha wote kwa pamoja, nami kwa kuogopa kuishiwa nikazidisha juu ya kuzidisha kwao. Mvua ikanyesha siku nne, ikaenda zake. Katoni za malaria zikajaa stoo mpaka tukawa tunapita ubavu ubavu. Mzee pale nyuma anacheka. Cheka tu mzee, hata mimi ningekuwa wewe ningecheka.

Ni wakati huo mama mmoja wa Mundika alianza kuja. Alikuja na kikopo kitupu mkononi. "Dada, ile ya mtoto imefika?" Nikamwambia, "Bado, mama. Jaribu wiki ijayo." Nilijua haitafika wiki ijayo. Nilikuwa nimeifuta kwa mkono wangu. Lakini kusema nimeifuta kunataka maelezo, na wiki ijayo haitaki maelezo yoyote.

Wiki iliyofuata akaja kweli, akaniachia na kichana cha ndizi kwa usumbufu anaonipa. Nikamwambia tena wiki ijayo. Ndizi nilikula.

Mara ya tatu alikuja mchana, siku ya Alhamisi, amembeba mtoto mgongoni. Msichana wa miaka tisa. Mtu wa miaka tisa habebwi, ndugu zangu. Miguu ilikuwa inaning'inia mpaka kwenye magoti ya mama yake. Mtoto hakuwa analia, na nyinyi mnajua watoto wenu, wakifika pale pa kutolia ndipo pabaya. Mama hakuniuliza kama imefika. Alisema tu, "Dada, huyu hatembei tangu Jumatatu."

Lile neno lilikuwa langu. Kadi yenyewe ilikuwa ndani ya droo, mbele ya tumbo langu, neno limeandikwa kwa herufi kubwa.

Nikatoka nje, nikawasimamishia boda boda, nikamwambia mama ampeleke mtoto hospitali saa hiyo hiyo, mimi nitatafuta vidonge. Nikarudi ndani nikashika simu. Kemisti ya Malaba: "Hiyo? Hiyo haitembei, tuliitoa." Nyingine hapa mjini: "Haitembei, mama." Zahanati ya njia ya kuelekea Bumala: haitembei. Simu saba, na zote saba zinanijibu kwa neno lile lile, kwa sauti ile ile, kwa sababu ni mimi niliyewafundisha. Kila mlango niliobisha nilikuwa nimeshaufunga mwenyewe.

Simu ya nane nilimpigia mama mwenye kemisti pale Bumala. Akasema, "Dada, si wewe ulinifundisha hilo neno?" Nikamwomba aangalie tu. Akasema, "Haya, ngoja nifungue daftari."

Nikamuuliza daftari gani. Akasema, "Naandika waliokosa. Nikimwambia mtu imeisha bila kumwandika, kesho nitasahau kwamba alikuja." Akaanza kunisomea. Mtoto wa fulani, alikuja mara mbili. Mtoto wa fulani, mama yake alitembea kwa miguu. Mapacha wa fulani. Alisoma watoto kumi na mmoja. Hiyo ni Bumala peke yake. Nilikaa chini, na pa kukaa palikuwa juu ya katoni ya malaria.

Chini ya ukurasa alikuwa ameandika kitu kingine: baba wa hao mapacha aliwahi kumwambia kwamba zahanati moja upande wa Nangina ilibaki na vikopo. Nikapiga. Mwenye zahanati akasema, "Viko viwili. Niliagiza vinne nikijua utanikatia nusu, na siku hiyo hukukata." Vilikuwa vimebakisha wiki sita kuharibika. Nilicheka na machozi yakatoka. Mchezo wetu ule ule uliotujazia stoo ndio uliomwekea mtoto akiba, kwa bahati tu. Na bahati, ndugu zangu, si mpango.

Vikaletwa kwa boda boda. Na mvua niliyokuwa nimeitabiri miezi miwili nyuma ikaamua kuja mchana huo. Nilisimama chini ya paa la stoo saa mbili nzima nikitazama barabara, kila pikipiki ikitokea nasogea mvuani, si yeye. Alipofika alikuwa amelowa mpaka viatu, vikopo amevifunga kwa mfuko wa nailoni ndani ya koti.

Hospitalini mtoto alikuwa ameshawekewa maji na wanamtafutia damu. Kifua kilikuwa kimeanza kushikwa. Daktari alipokea vikopo, akasoma, akaniambia vidonge hivi si vya leo, leo tunapigania pumzi. Hivi ni vya baadaye, akiwa na baadaye. Kisha akasema, "Kama asingekatizwa dawa..." akaacha hapo, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nikakaa kwenye benchi karibu na mama. Nikamwambia, "Mama, nilikwambia wiki ijayo nikijua haiji." Akauliza, "Mara zote mbili?" Nikasema, "Zote mbili." Akainuka, akaenda kukaa benchi lingine. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Siku mbili sikujua kama mtoto atapona. Siku ya tatu kifua kikafunguka. Mkifikiri hapo ndipo nilipopona na mimi, hapana, hapo ndipo nilipoanguka. Nilirudi nyumbani Malaba nikalala. Chakula hakipiti. Majirani wakasema ni presha. Bosi akapiga, "Nabii, rudi kazini," nikasikia hilo jina nikazima simu. Nilikaa wiki tatu hivyo. Nilikuwa naona ile miguu inaning'inia.

Siku moja nikawasha simu, na wa kwanza kupiga alikuwa yule mama wa Mundika. Akasema, na maneno yake nayarudia kama yalivyo: "Sijakusamehe bado. Lakini hivi vikopo viwili ulivyoleta vinaisha. Ukikaa huko kujihurumia, nani ataagiza?" Akakata.

Niliinuka nikaoga.

Nilirudi kwa bosi na masharti, mimi niliyepaswa kufukuzwa. Akasema rafu haiwezi kukaliwa na dawa ya watu wachache. Nikamwonyesha katoni za malaria zilizokuwa zinaharibika, nikamuuliza na hizo zimekalia rafu kwa ajili ya nani. Akakubali kunijaribu.

Sharti la kwanza lilikuwa daftari. Kila kemisti tunayouzia iandike aliyepata na aliyekosa, na inisomee wote wawili. Hapo nikajua kwamba nilichoita sufuri ni watoto wengi kuliko nafasi ya kadi. La pili lilikuwa gumu zaidi, lile la kuzidisha. Niliwaambia waagize wanachotaka kweli, sitakata. Hawakuniamini, na walikuwa na haki. Mwezi wa kwanza walizidisha kama kawaida, nikawapelekea yote, yakawalemea. Mwezi wa pili bado. Mwezi wa tatu mtu wa Malaba akaagiza vikopo vitatu, na kweli alitaka vitatu. Nilitamani kumpikia chai. Siku hizi Bumala ikipungukiwa na Nangina ina ziada, boda boda inahamisha kabla sijawasumbua watu wa Nairobi. Na vidonge vya watoto hatuagizi vikiisha. Tunaagiza tunapofungua kikopo cha kabla ya mwisho, na kile cha mwisho hakiguswi mpaka kingine kiko njiani.

Sasa nishukuru niketi. Namshukuru mama mwenye daftari, yuko hapa na hataki niseme ni nani. Namshukuru yule wa boda boda aliyelowa. Namshukuru bosi, ambaye ameacha kuniita Nabii. Na mama wa Mundika, ambaye mwaka jana aliniletea tena kichana cha ndizi. Alikiweka dirishani akaenda. Hizo pia nilikula, lakini nilikula nikilia.

Mkiniuliza nimejifunza nini, ni hili tu. Mwenye duka, mwenye stoo, hata wewe mama unayeuza nyanya: ukimwambia mtu imeisha, muulize jina, uandike. Aliyekosa ni mteja. Ukimwandika aliyepata peke yake, utaishi ukidhani dunia nzima imeshiba kama wewe. Na nyinyi wazazi, msiache kuuliza. Mkinyamaza, kuna mtu mahali anashika kalamu.

Mwezi uliopita yule msichana alikuja dirishani peke yake, kwa miguu yake, na kikopo chake kitupu. Ile kadi ya zamani nimeibandika ukutani ili niione kila siku. Akaisoma kwa sauti, siku hizi anasoma kila kitu anachokiona. "Haitembei. Ni nani hatembei?" Nikamwambia ni kosa niliandika zamani. Akaniomba kalamu. Akachora mstari juu ya neno langu, na chini yake akaandika ANATEMBEA. Mwalimu wake angesema amekosea, kwa dawa tunasema inatembea. Mimi sikumsahihisha.