Bahasha ya Mtu wa Kofia Nyekundu

Benchi la mama Nyamusi pale Masimba limeegemea ukuta wa ofisi ya vifurushi, mahali mabasi ya Nairobi yanaposimama. Lina desturi moja isiyovunjwa: hupewi kahawa kabla hujasema wewe ni nani, mtoto wa nani, na kwenu ni wapi. Alasiri hiyo ya mwaka wa tisini na tisa, Ogoti mpiga chapa alikuwa ameketi hapo na bahasha ya pesa mapajani. Diski ya kompyuta yake ilikufa Jumatatu, mitihani ya shule tatu ilikuwa inamngoja, na walimu walishaanza kutaja wapiga chapa wa Keroka. Kwenye intaneti ya ofisi moja mjini Kisii alikuwa amempata mtu wa Nairobi anayeuza diski kwa nusu ya bei ya Subhash, mwenye duka la kompyuta huko huko Kisii. Pesa itangulie kwa basi, mtu huyo aliandika. Mwenye kofia nyekundu ataichukua. Na pesa yenyewe ni bonasi ya mwaka ambayo kiwanda cha chai kilimlipa mkewe, Emily. Ikiliwa hiyo, Ogoti hakujua angeingia nyumbani na uso gani.

Alikuwa ameomba ushauri. Hilo ndilo kosa.

— Tuma, alisema Ombati, anayeitwa Profesa kwa sababu aliwahi kufundisha chekechea muhula mmoja. Haraka haraka haina baraka, kwa hivyo usichelewe.

— Na kama ni mwizi, Profesa?

— Mwizi gani anajua kupiga taipu? Hiyo barua yake umesema iko na Kiingereza safi, koma mahali pake. Mwizi hana muda ya koma.

Walter, ambaye kwa ajili ya redio yake ya mkononi huitwa Bibisi, alitikisa kichwa.

— Bei iko chini kwa sababu ya mwaka elfu mbili. Kompyuta zote zitasahau mwaka. Matajiri wa Nairobi wanazitupa usiku kwa mitaro. Huyo jamaa anaokota tu.

— Sasa nauziwa kitu ya mtaro?

— Unaosha!

Mama Nyamusi alimmiminia Ogoti kikombe kingine bila kuulizwa. Alimhurumia.

— Shemeji yangu aliagiza redio kwa posta, akasema. Ikakuja jiwe, limefungwa na Biblia.

— Wakafanya nini?

— Jiwe wanasagia wimbi. Biblia bado wanasoma.

— Basi hakuibiwa! Profesa akaruka. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Maana yake, diski ikikuja itakuja na waya yake.

Ogoti alicheka, ingawa moyo ulikuwa haupo. Aliwapenda watu hawa, na hilo ndilo lililomfanya awasikilize.

— Mimi nina dawa, alisema Bibisi. Kata kila noti katikati. Tuma nusu. Diski ikifika, unatuma hizo nusu zingine.

— Na yeye akikata diski katikati?

Benchi zima likalifikiria hilo kwa dhati.

Hapo mlango wa ofisi ukafunguka, akatoka msichana mwenye daftari na kalamu sikioni. Alikuwa na siku mbili tu kazini.

— Hamjambo? Basi limepita Keroka. Nani ana bahasha ya Nairobi?

— Mbuya mono, salama kabisa, alisema Profesa. Kaa kwanza. Wewe ni wa kwa nani?

Msichana alijua adabu. Alikaa pembeni.

— Naitwa Marion, baba. Msichana wa mzee Omwenga wa Nyamira, yule wa kununua ndizi. Mama yangu ni wa Nyakoe, kwa akina Bochaberi.

— Omwenga ya pikipiki nyeusi?

— Huyo huyo.

— Mpe kahawa, mama!

Marion alikunywa funda moja, akalifungua daftari juu ya goti, akamgeukia Ogoti.

— Baba, juu ya bahasha niandike ni ya nani?

Ogoti aliitazama bahasha. Akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Bibisi, na Bibisi akaanza kuzungusha kitufe cha redio iliyokuwa imezimwa.

— Ni ya… mtu wa kofia nyekundu, alisema Ogoti.

— Ndiyo, lakini anaitwa nani? Mtoto wa nani? Kwao ni wapi?

Kalamu ilingoja. Kwenye benchi hilo hata muuza kuku hakuwahi kuuza kuku wake kabla ya kutaja kwao, na Ogoti aliona aibu, kisha akaona nafuu kubwa, kama mtu aliyetuliwa gunia. Basi lilikuja, likapiga honi, likaondoka na vifurushi vya wengine. Ogoti aliisukuma bahasha ndani kabisa ya koti.

— Subhash anafunga saa ngapi? aliuliza.

— Saa kumi na moja! walijibu wote, hata Marion.