Mkono Wangu na Maabara ya Mdogo Wangu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa taasisi hii, waheshimiwa madaktari na maprofesa, wafanyakazi wa maabara, ndugu wageni waalikwa, na wewe mdogo wangu uliyejificha nyuma ya shada la maua kana kwamba anayestaafu ni mtu mwingine: salamu kwenu nyote.

Mimi ndiye kaka yake mkubwa. Shule niliiacha mapema, nayo ikashukuru. Lakini dunia nimeitembea. Nimeendesha malori ya masafa marefu, nimevuka mipaka ambayo wengi wenu mmeiona kwenye ramani tu, na kuna vituo vya forodha ambako wakisikia honi yangu wanafungua geti kabla sijasimama. Basi mkiniona nazungumza mbele ya maprofesa bila karatasi, msishangae.

Kazi ya mdogo wangu ilikuwa nini? Nitaieleza kwa lugha ya barabarani, naye akinikunjia uso nitajua nimepotea njia. Tumboni mwa watu wengi, mle mle kwenye asidi, kuna bakteria waliopanga chumba na hawataki kuhama. Mwili unajua wamo. Unatuma askari wake, zile seli za kinga zilizomo kwenye damu. Askari akimtambua adui hujigawa, mmoja wawili, wawili wanne, mpaka jeshi litimie. Lakini bakteria wale humwaga sumu. Sumu inamganda askari, inamwingia, naye anabaki palepale, yu hai ila haongezeki. Jeshi haliji. Wapangaji wanakaa miaka na miaka.

Baba yetu aliishi na wapangaji hao. Tulikua tukimwona anakula huku mkono mmoja umeshika tumbo, na majirani wakilaumu pilipili. Mdogo wangu, bado ana meno ya utoto, akauliza, "Kwani mwili wa baba haujui kufukuza?" Sisi tulicheka. Yeye hakucheka.

Alipokuwa mtafiti, akaona sumu ile haizishiki seli za panya kama inavyozishika za binadamu. Ikabidi ipatikane damu ya mtu. Akanijia. "Kaka, naomba mkono wako."

"Umefika kwenyewe," nikamwambia. "Panya atanipita mimi kwa lipi?"

Sasa, ndugu wageni waalikwa, mtu aliyelala chini ya lori porini, fisi wakimzunguka, anaogopa nini tena? Sindano. Niliiona tu, nikaanza kuulizia mlango uko wapi. Mdogo wangu hakunicheka. Alinishika kidole gumba, akasema, "Hebu nihadithie wale fisi." Nikaanza: walikuwa watatu. Nikanoga: walikuwa saba. Nilipofika kumi na mbili nikasikia, "Tayari, kaka." Ndiyo mbinu yake hadi leo. Ananisikiliza, anasubiri nianze kutia chumvi, anachoma.

Juzi nilimkuta anafunga vikombe vyake kwenye magazeti. Alitaka aondoke kimyakimya.

"Mnisherehekee kwa lipi?" akaniuliza. "Nimejua sumu inavyomzuia askari. Kumzindua sijaweza. Baba angeniuliza dawa iko wapi, ningemjibu nini?"

Nikachukua gazeti, nikamsaidia kufunga vikombe. Jibu nimelipata njiani kuja hapa, nalitoa mbele ya mashahidi. Mdogo wangu, baba hakuwahi kukuuliza dawa. Umesahau alichokuwa akiuliza? "Nimeukosea nini mwili wangu, mbona umenisusa?" Alikufa akidhani ni udhaifu wake. Wewe ndiye uliyepata jibu lake: haukukususa, baba, ulipigana ukafungwa mikono. Je, hilo ni dogo? Wangapi leo wanaketi mezani wameshika tumbo, wakijilaumu bure? Kumzindua askari, vijana uliowafundisha watahangaika nako. Mlango umewaachia wazi.

Mheshimiwa Mkurugenzi, nakushukuru kwa kumtunza. Nawe binti daktari uliyekabidhiwa maabara, Jumatatu nitapita mlango wa nyuma kama kawaida, mkono ni ule ule. Nina sharti moja. Mdogo wangu, hata kama umestaafu, uje ukae ubavuni kwangu unishike kidole gumba, maana binti huyu bado hajui uongo wangu unaanzia kwa fisi wa ngapi.

Asanteni sana kwa kunipa masikio yenu.