Mzee Nyamai na Maini Yaliyongoja Chai

Tarehe 30 Juni 1986, Mzee Nyamai Ndeti atatundika koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya lishe, hapa kando ya Barabara ya Jogoo. Mhariri wa jarida la wafanyakazi aliniomba mimi, Dakta Kageha, niandike wasifu wa kuchangamsha. Nitajitahidi, ingawa uso unaniwaka kwa aibu.

Aliajiriwa mwaka 1955 kusafisha vizimba vya panya. Akajifunza kupima kemikali, kisha kusoma mitambo, na ilipofika 1970 hakuna mtafiti aliyeanza kazi bila kumwuliza kwanza. Kila asubuhi alikuja kwa miguu kutoka Makongeni, anakoishi na mkewe, Mama Ndindi, karani wa reli. Koti lake lilikuwa limepigwa pasi hata siku za kuzoa mavi ya panya.

Wageni walimpenda kwa jinsi alivyowaeleza kazi yetu. Ndani ya kila chembe ya mwili, aliwaambia, mna koenzaimu iitwayo NAD, na kazi yake ni ya hamali: inapokea nguvu kutoka kwenye chakula, inaishusha inakohitajika, kisha inarudi mikono mitupu kubeba tena. Mahamali wakipungua, mwili unachoka. Hapo alikuwa akitoa njugu karanga mfukoni, akitafuna na kutangaza kwamba anawalisha mahamali wake. Wanafunzi walicheka na kuandika kila neno.

Mwaka 1983 nilitaka kujua kama koenzaimu hii hupungua uzeeni. Tulipima maini ya panya vijana na ya panya wazee. Sampuli zote zilitayarishwa pamoja na kuwekwa kwenye beseni la barafu. Za vijana tulizipima kwanza, saa tatu. Saa nne ni chai, na kwa kanuni ya hapa mlango hufungwa, hakuna anayebaki ndani. Za wazee tulizipima tukirudi. Majibu yalinipandisha mabega: wazee walikuwa na nusu tu ya koenzaimu ya vijana. Nikachapisha makala, nikapongezwa.

Mzee Nyamai peke yake hakupongeza. Alinijia na kusema, “Daktari, hizi za wazee zinangoja sana. Tukitoka chai barafu imekuwa maji. Hata mimi ukiniweka hapo mpaka saa tano, nitaharibika.” Nilimjibu mbele ya vijana wa mafunzo kwamba yeye ashughulike na vyombo, sayansi aniachie mimi. Walicheka. Naona haya kuandika kwamba nami nilicheka.

Miezi michache baadaye, maabara nyingine ilirudia jaribio na kukosa majibu yetu. Mkurugenzi akataka maelezo. Niliandika kwamba mikono ya fundi wetu imezeeka na inaharibu sampuli. Mzee Nyamai akapewa barua ya onyo, akakosa cheo cha fundi mkuu kilichokuwa zamu yake, akapelekwa kuosha chupa. Aliitia sahihi barua ile. Karibu miaka mitatu ameosha chupa, na kila asubuhi amenisalimu.

Mwezi uliopita nilifungua daftari zake nitafute tarehe za wasifu huu. Kumbe kando ya kila sampuli alikuwa ameandika saa ilipopimwa na hali ya barafu. Za wazee zote zilipimwa baada ya chai, barafu ikiwa maji. Nikarudia jaribio zima kwa mikono yangu, nikipima ini la panya kijana, kisha la mzee, kwa zamu, kwenye barafu mpya, bila kwenda chai. Koenzaimu ya panya wazee ilipungua, ndiyo, lakini kidogo tu. Sehemu kubwa ya ule uzee niliojivunia ilikuwa ni chai yetu.

Nimeliandikia jarida lililochapisha makala yangu kueleza kwamba kosa ni langu. Barua ya onyo imeondolewa kwenye faili. Cheo sikuweza kukirudisha. Nimeambiwa muda umepita, na hilo halitaniacha.

Kwa hiyo nimeomba wasifu huu usomwe siku ya sherehe kwa sauti yangu mwenyewe, vijana wale waliocheka wakiwa wamekaa mbele. Mama Ndindi, najua Makongeni walisema mumeo alishushwa kazi kwa kuharibu. Hakuharibu kitu. Yeye ndiye aliyeona, na mimi ndimi niliyemziba mdomo.

Mzee Nyamai, asante kwa miaka thelathini na mmoja. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na wajukuu watundu. Nami nakuomba msamaha, mbele ya watu kama nilivyokudharau mbele ya watu. Tukikutana njiani nitakuamkia mimi kwanza, na usipoitikia, sitakulaumu.