Godoro la Ma Vestina

Kijiwe chetu cha Rwamishenye, hapa Bukoba, kina benchi moja, magogo mawili na birika la Joackim, na tangu nianze kukaa pale sijaona swali likiondoka bila jibu. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani sisi ni wavivu. Kazi tunafanya, ila tunaifanya baada ya kahawa, na kahawa kwetu ipo ya kunywa na ipo ya kutafuna, akamwani, zile buni zilizochemshwa zikakaushwa, ambazo Joackim anakuwekea kiganjani hata kama hukuomba. Mkubwa wetu ni mzee Kyaruzi, au Ta Kyaruzi kwa Kihaya, tunayemwita Hakimu kwa sababu hukumu anaitoa kabla ya kusikiliza kesi. Mustapha ni Injinia; anatengeneza majokofu, na kwake kila kitu duniani ni jokofu lililoharibika. Philbert ni Bando, maana vifurushi vya intaneti havijawahi kumwishia. Mimi mwenyewe wananiita Katibu, ingawa sijaandika hata mstari mmoja. Asubuhi hiyo mwenye shida alikuwa Mwesiga, kijana wetu anayebeba ndizi za Kanazi kwa kirikuu yake, kile kigari kidogo cha mizigo, na shida yake ilikuwa godoro.

Msicheke. Mkewe Kokugonza alikuwa amejifungua mtoto wa pili kwa upasuaji na ndiyo kwanza katoka hospitali. Kuinama hawezi, ndoo hagusi, na Mwesiga akishatoka alfajiri kwenda kubeba ndizi hakuna wa kumpa hata maji. Mama yake Kokugonza, Ma Vestina wa Kishanda, alikuwa amekubali kuja kesho yake kumuuguza. Lakini alipozaliwa mtoto wa kwanza, huyu mama alikuja asubuhi, jioni akasema mgongo wake hauliwezi godoro la chumba cha wageni, akapanda gari la Muleba akarudi kwake. Kokugonza alilia wiki nzima. Safari hii Mwesiga alikuwa ameapa kwamba mama mkwe hatarudi kwa sababu ya mgongo. Mkewe kampa laki mbili na nusu na onyo juu yake, kwa hiyo kwa wiki mbili kijana hakulala, anapekua magodoro kwenye simu, na kila alichopata alituletea sisi.

Mwesiga: Wazee, yamebaki matatu. La kwanza lipo Mwanza, hai densiti, inchi nane, laki mbili na thelathini. La pili la springi, laki mbili arobaini na tano. La tatu zuri sana kwa picha, ila wameandika "bei njoo inboksi".

Hakimu: La tatu futa. Mtu anayeficha bei anaficha na kunguni.

Bando: Tuanze na nyota, Ta. Hili la kwanza lina nyota nne na nusu. Sikiliza komenti hii: "Nimelitandika siku moja tu, mume kaacha pombe."

Injinia: Hiyo komenti kaandika muuzaji.

Bando: Huyu mwingine kasema alikuwa hasikii sikio la kushoto, sasa anasikia.

Mwesiga: Mgongo je? Kuna aliyetaja mgongo?

Bando: Subiri nishuke chini. Yupo. Kasema mgongo umenyooka mpaka nguo zimemfupikia.

Mimi nilisema hilo linatosha, tupige kura, maana nilikuwa na safari ya mjini. Lakini Injinia alikuwa ameshaweka kikombe chini, na akishaweka kikombe chini ujue siku imekwisha.

Injinia: La springi ndilo imara zaidi, ila kwa Bukoba hii silishauri. Springi ni chuma. Radi inapita juu ya mji, inatafuta chuma. Ninyi mnadhani kwa nini majokofu yanaungua huku kuliko Dodoma?

Mwesiga: Injinia, godoro lipo ndani ya nyumba.

Injinia: Na jokofu lipo wapi, shambani?

Hakimu: Ana hoja. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Maana yake godoro la mvua na radi lazima liwe na kava.

Bando: Ta, maana yake siyo hiyo.

Hakimu: Wewe umezaliwa juzi. Unajuaje wahenga walikuwa wanaoga wapi?

Hapo nikaona niwasaidie, kwa sababu hawa wenzangu wana akili lakini wanazitawanya. Nikamwambia Mwesiga suala si springi wala sponji, suala ni mwinamo. Tangu lile tetemeko la ardhi la Kagera nyumba zetu zote za upande huu zimeinama kidogo kuelekea ziwani. Ukiweka godoro laini, mlalaji anateremka usiku kucha polepole, asubuhi anaamka kichwa kipo kwenye miguu ya kitanda, na hapo ndipo mgongo unapoanza. Kwa hiyo anunue gumu, na mama alale kichwa kikiwa upande wa juu, wa Kashozi. Wakanitazama wote. Nilijua nimewagusa.

Injinia: Katibu kasema kitu.

Mwesiga: Kwa hiyo la Mwanza.

Hakimu: Usikimbie. Lete hiyo picha niione. Huyu binti aliyelala juu yake ana kilo ngapi?

Bando: Hawajaandika.

Hakimu: Umeona wizi. Hana kilo hamsini huyu, na anatabasamu. Nani kati yenu alishawahi kulala huku anatabasamu? Huyo hajalala. Watuletee picha ya mama wa makamo, mwenye mwili wake, amechoka kutoka shamba la migomba, kalala fofofo mdomo wazi. Hapo nitaamini godoro.

Mwesiga: Ta, mama anafika kesho. Nikiagiza sasa hivi wanalipakia kwenye basi leo, asubuhi lipo stendi. Nikichelewa anakuta lile lile la zamani, na mnajua kitakachotokea.

Hakimu: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mnunulie la inchi nne la siku mbili, kisha jembe. Chenji unabaki nayo.

Mwesiga: Anakuja kumuuguza mwanawe, Ta. Kokugonza hawezi hata kujigeuza. Akirudi safari hii sijui nitafanya nini.

Alilisema kwa sauti ndogo. Mwesiga si mtu wa kulalamika. Nilimwonea huruma, na nikaona ni heri yake kwamba ana watu kama sisi. Wengine wanaachwa wapambane na mtandao peke yao.

Bando: Kuna jambo sijawaambia. Hili la Mwanza linakuja limeviringishwa kwenye nailoni, limenyonywa hewa yote, dogo kama mkungu wa ndizi. Unalifungua chumbani linavimba lenyewe.

Injinia: Linavimba kwa nini?

Bando: Linavuta hewa.

Injinia: Hewa ya wapi?

Bando: Ya pale unapolifungulia.

Injinia alisimama. Sikuwa nimemwona akisimama hivyo tangu siku alipogundua kwa nini jokofu la padri lilikuwa linanguruma.

Injinia: Basi tatizo lenu nimelimaliza. Kama linavuta hewa ya pale linapofunguliwa, basi linakaa nayo humo humo miaka yote. Mnalifungulia Rwamishenye, linajaa hewa ya moshi wa pikipiki na mafuta ya chipsi. Mama wa watu anailalia hewa hiyo, anaamka mgongo unauma, anataka kwao. Lazima likafunguliwe Kishanda.

Bando: Halafu?

Injinia: Likishashiba hewa ya Kishanda unalileta hapa. Anakuwa amelala kwake, huku yupo kwako. Harudi.

Mwesiga: Likishavimba litaingiaje kwenye kirikuu?

Hakimu: Mchumia juani hulia kivulini. Litakaa juu.

Mwesiga: Na mvua?

Hakimu: Ndiyo maana nilisema kava.

Mnaweza kucheka, lakini pale kijiweni ilikuwa imekaa sawa kabisa. Nilihisi ile raha ya mambo yanapojipanga: kava ya Hakimu, hewa ya Injinia, nyota za Bando, na ugumu wangu mimi kwa ajili ya mwinamo. Joackim akazungusha kahawa na akamwani bila kuulizwa. Kura ikapigwa, la Mwanza likapita bila kupingwa. Laki mbili na thelathini, na elfu ishirini inabaki ya nauli ya basi na kava. Mwesiga akatoa simu, akaingiza jina la duka, akaingiza kiasi, akaanza namba ya siri huku ameigeuzia simu kifuani ili Bando asione.

— Nimeambiwa hapa ndipo panaponunuliwa godoro langu.

Ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa amesimama nyuma yetu, amejifunga kitenge juu ya gauni, kandambili zina vumbi la njia. Ma Vestina. Tulimtarajia kesho, kumbe kaja na gari la kwanza, kashafika nyumbani, kashamwogesha mjukuu na kuongea na mwanawe, sasa anatutafuta sisi.

Mwesiga hakumgeukia. Alitumbukiza simu mfukoni, akateleza kutoka kwenye gogo, na kabla hatujamwamkia mama, yeye alikuwa ameshazunguka upande wa pili wa kirikuu, uso kautazamisha ukutani. Hakuna aliyemcheka. Mkwe ni mkwe, na mama mkwe hatazamwi usoni kama unavyomtazama muuza vocha.

Tulimsalimu Ma Vestina kwa Kihaya, wote kwa pamoja, na Hakimu akainuka kumpisha nafasi. Hakuketi.

Ma Vestina: Mwambieni mkwe wangu asinunue. Mgongo wangu mzima. Jana nimebeba ndizi kutoka shambani mpaka barabarani.

Hakimu: Lakini Ma, mwaka ule ulisema godoro...

Ma Vestina: Mlitaka niseme nini? Nimwambie mwanaume aliyeoa binti yangu habari za kulala? Nilisema mgongo kwa sababu mgongo hauna aibu. Kyaruzi, wewe mama mkwe wako alishawahi kulala chini ya paa lako?

Hakimu: Hapana.

Ma Vestina: Hata usiku mmoja?

Hakimu: Hapana, waitu. Alikuwa analala kwa jirani.

Ma Vestina: Haya. Na mimi mama yangu alinilea hivyo hivyo.

Nikuambieni ukweli, nilitamani benchi linimeze. Hili jambo hakuna aliyekuwa halijui. Mama mkwe halali nyumba moja na mkwe wake; tulilijua tangu tukiwa watoto, kabla hatujajua godoro la dukani lipoje. Wapo siku hizi wanaolala, mjini watu wanaishi wanavyoweza, lakini Ma Vestina wa Kishanda si mmoja wao na yeyote anayemfahamu angeliona hilo. Sisi kwa wiki mbili tulikuwa tumeshika inchi na nyota, na sasa mwanamke aliyepasuliwa tumbo amelala kule nyumbani anasubiri. Injinia alikuwa ameketi, anakitazama kikombe. Bando alizima simu, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Kisha sauti ya Mwesiga ikaja kutoka nyuma ya kirikuu. Hakumsemesha mama. Alitusemesha sisi, kama inavyotakiwa.

Mwesiga: Wazee, mwambieni mama nyumba ni yake. Akae na mwanawe mpaka kidonda kipone. Mimi nitatoka.

Mama alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwake, kila neno kalisikia. Lakini Hakimu akakohoa, akamfikishia.

Hakimu: Mkwe wako anasema nyumba ni yako, Ma. Ukae mpaka binti apone. Yeye atatoka.

Ma Vestina alishika ncha ya kitenge akafuta nayo pua, na macho yake yalikuwa na maji. Nilimpenda Mwesiga saa ile kama mwanangu wa kumzaa.

Ma Vestina: Mwambieni nimesikia. Mwambieni waliomlea walilea mtu.

Hakimu: Mwesiga, mama anasema...

Mwesiga: Nimesikia, Ta.

Nilidhani yameisha. Nilianza hata kutafuta kofia yangu, niende mjini. Ma Vestina hakuondoka. Alituangalia, akaanzia kwa Hakimu, akaja kwa Injinia, akaja kwa Bando, akamalizia kwangu.

Ma Vestina: Na yeye sasa, usiku huu, atalala wapi?

Hakimu ana nyumba nzima. Watoto wake wote wapo Mwanza na Dar, na vyumba vitatu vimefungwa. Alianza kutafuta akamwani kwenye mfuko wa shati. Injinia ana chumba cha uani, ila kina majokofu ya watu. Bando amepanga chumba kimoja, yeye na mkewe na shemeji yake. Mimi chumba ninacho. Kina kitanda, kina godoro, kina hata neti, na nilikuwa nafikiria mke wangu atasema nini nikimletea mtu wa kukaa mwezi mzima, anayeamka alfajiri na kuwasha kirikuu dirishani. Bando akamuuliza Joackim kama kahawa imebaki, na Joackim akatikisa birika, halikutoa kitu.

Nyuma ya kirikuu Mwesiga alikuwa amesimama, bado ameutazama ukuta.

Ma Vestina alivisogeza vikombe pembeni, akakaza kitenge chake, akaketi katikati ya benchi letu kusubiri.