Mafuta ya Cherehani Kwenye Breki

Wapendwa, nitaongea nimekaa, goti langu mnalijua. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nikipotea njia mnirudishe.

Mwaka 2017 nilinunua pikipiki kuukuu ya kupelekea nguo kwa wateja wa Turffontein. Mimi fundi cherehani, miaka yote hii hapa Bertrams. Kuendesha nilijifunza uzeeni. Kuitunza, hapana. Niliitia petroli, nikaipangusa, basi. Ilikuwa nyekundu, mama watoto aliipenda ile rangi, lakini hayo tuyaache.

Breki ya mbele ikaanza kulia. Kiii! Kila nikisimama kwenye robot, hizi taa za barabarani, watu wanageuka. Siku moja nikamkuta jirani yangu, fundi mwenzangu, amechuchumaa pembeni ya pikipiki. Yumo humu leo, jina silitaji.

"Papa, breki hii imekwisha. Usiipande."

"Umekuwa makanika lini?"

"Nina masikio tu, Papa. Mteremko wa Observatory hauna mchezo."

"Unataka wateja wangu waje kwako!"

Akacheka, akaenda zake.

Sasa ndugu zangu, nawaambia nilichofanya. Cherehani ikilia, unaitia mafuta. Nimefanya hivyo tangu Bukavu, kwa baba mdogo, mtu mkali yule, hata paka wake alitembea kwa adabu. Nikachukua kichupa changu, nikadondosha mafuta kwenye ile sahani ya chuma ya gurudumu la mbele, pande zote mbili. Kimya. Nikajisifu.

Kesho yake nikateremka Observatory na sare za kwaya mgongoni. Nikabana breki ya mbele, hakuna kitu. Ya nyuma peke yake haikutosha. Nikasimamishwa na ukuta wa nyumba ya mtu. Mkono wa kulia, huu wa mkasi, ulivunjika mahali pawili.

Daktari hakuniahidi kwamba nitashona tena. Nikaja hapa kanisani, mnakumbuka, nikasema kuna mtu ameigusa pikipiki yangu kwa ubaya. Mkafunga na kuomba siku tatu. Jirani naye akafunga. Salamu yake sikuipokea tena.

Bandeji ilipotoka, nikaipeleka pikipiki kwa makanika mmoja, mtu wa Tanga. Akafungua, akatoa pedi, akazinusa.

"Mzee, nani katia mafuta hapa?"

"Mimi. Ilikuwa inalia."

"Ilikuwa inakuita! Pedi zimeisha, chuma kinakula chuma, wewe unaiziba mdomo."

Nikakaa juu ya tairi lake, nikayakumbuka maneno ya jirani.

Nyumbani nikamweleza mama watoto. Akasema, "Basi na mimi nikwambie. Kazi zako zote ulipokuwa mgonjwa, alishona yule jirani. Alinikataza kusema." Eish. Mimi nilidhani ni wamama wa kikundi cha hapa kanisani.

Makanika alinifunza. Kila asubuhi, kabla ya kupanda, bana breki. Mkono wa breki ukifika hadi kwenye usukani, usiondoke. Isukume kidogo, ubane tena, isimame. Chungulia pedi kwa tochi. Kile kidirisha cha mafuta ya breki kisiwe kitupu. Na kichupa cha cherehani kikae kwenye cherehani.

Namshukuru daktari, na mtu wa Tanga, na ninyi mliofunga kwa ajili ya adui ambaye hakuwepo. Kitu kikilia, kitazame kwanza kabla ya kukinyamazisha. Mtu naye hivyo hivyo.

Jirani, siku ile sikukutaja, lakini wote walijua nakusema wewe. Nisaidieni kuinuka, nivuke upande ule nikampe mkono. Huu huu wa kulia.