Nilichomeka Vijiti Pembeni ya Waya

Ndugu zangu, mniruhusu nitoe ushuhuda wangu hapa karibu na mlango wa kanisa. Wengine wenu mlikuwapo siku ile kule Mururu, na mtu akinikasirikia upya, nipate pa kupitia. Mnacheka. Siku ile hakuna aliyecheka.

Nilizaliwa Bukavu. Wazazi waliporudi huku kwao, ng'ambo ya mpaka, nami nikawafuata na ufundi mmoja tu mkononi: kuunganisha faiba, zile nyuzi za kioo zinazoleta intaneti. Niliona hakuna kampuni iliyopanda mlima wetu. Nikawa nanunua intaneti ya jumla kwa kampuni moja ya Kamembe, nikavuta waya mpaka juu, nikauza nyumba kwa nyumba. Nguzo sikuwa nazo. Niliufunga waya kwenye mikaratusi ya majirani, kwa maneno ya mdomo tu. "Papa, naomba mti wako." "Funga tu." Basi. Wakaanza kuniita Papa Faiba, na jina lile lilinilevya. Nikawa nasema "mlima wangu", kama vile niliununua.

Lakini mkaratusi hupandwa ukatwe. Mwenye mti akitaka boriti za nyumba ya mwanawe, anakata, waya unalala chini, na mimi nakimbia na ngazi. Halafu ikaja kampuni ya pili. Hao hawakuomba mti wa mtu. Walichimba kando ya barabara, wakalaza bomba, wakafukia. Mvua inyeshe, upepo uvume, yao haizimi. Wateja wakaanza kuhama, na wa kwanza alikuwa mama wa ubatizo wa binti yangu Sifa. Aliniambia mlangoni: "Papa Sifa, usikasirike. Yako inazima kila siku, na batoto banasoma na hiyo." Alisema kweli. Nilikasirika hata hivyo, nikawa simsalimu, hata humu kanisani.

Sasa sikieni nilivyoanguka. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijiji, mudugudu mzima tuko barabarani na majembe, tunazibua mfereji wa maji. Alama za ile kampuni za kuonyesha bomba lilipo zilikuwa zimeng'olewa na mvua. Kiongozi wa mudugudu akanipa fungu la vijiti: "Papa Faiba, weye unajua mambo ya waya. Utuonyeshe fasi inapita, tusiikate." Na kweli nilijua, maana niliwaona wakiilaza. Nikachomeka vijiti hatua moja pembeni, nikachukua jembe langu, nikaenda kuchimba mbali.

Haukupita muda, sururu ya mzee mmoja ikaingia kwenye bomba. Ni jirani yangu, na mti wake ndio uliokuwa wa kwanza kubeba waya wangu. Intaneti ikazima mlima mzima. Nilifurahi, ndugu zangu, siwafichi. Kisha mke wangu akanipigia simu: "Papa Sifa, hata ya kwetu imezima." Nikamwambia haiwezekani, yetu inapita juu ya miti.

Fundi wa ile kampuni ya bomba akaja na pikipiki, akafungua bomba, akanionyesha. Kampuni iliyokuwa inaniuzia ilikuwa imeacha njia yake ya zamani, ikakodi uzi mle mle ndani, ndio ulioleta intaneti mpaka kwenye mti wangu wa kwanza. Kampuni mbili zinagombania wateja, bomba ni moja. Na mimi niliyejiita mwenye mlima, hakuna aliyenieleza.

Kazi ikaisha, tukakaa kwenye mkutano. Kiongozi akauliza nani amekata. Yule mzee akasimama, kofia mkononi. "Njo miye. Nilifuata vijiti, lakini macho yangu imezeeka. Pengine nilipitisha." Wakaanza kuandika jina lake lipelekwe kwenye ofisi ya sekta. Macho yake yalikuwa mazima kabisa, na mimi pekee nilijua. Nikasimama: "Mufute jina yake. Mzee alichimba fasi vijiti vilimuonyesha. Miye nilivichomeka vibaya, na nilijua."

Hakuna aliyenipigia makofi. Jina langu likaandikwa mahali pa lake. Mchana ule nilipiga magoti kwenye matope pamoja na fundi wa kampuni niliyoichukia, tukaunganisha uzi kwa uzi, wao na wetu, mpaka vyote vikawaka. Kwenye sekta nilikaripiwa, nikapewa adhabu, nikaikubali. Wateja wangu waliobaki wakaniacha karibu wote. Nikashusha waya mti kwa mti, kila mwenye mti nikimwomba msamaha.

Leo sina mlima. Nina kazi. Kampuni zote mbili huniita bomba likipata shida, kwa sababu fundi yule aliwaambia wakubwa wake kwamba mkono wangu unajua. Namshukuru. Namshukuru mama wa ubatizo, aliyeleta unga nyumbani siku zile bila kunikumbusha neno lolote. Maman, nilichelewa kukusalimia. Leo nakusalimia mbele ya wote. Na nawaambia, kushindana si dhambi. Mwenzako akikupita kwa kazi nzuri, jifunze kazi yake. Ukimchimbia, hujui ni nini chako kinapita mle mle.

Umuganda uliofuata baada ya ule, kiongozi alishika vile vijiti akawa anatazama watu, hajui ampe nani. Yule mzee ndiye aliyesema: "Mumpe yeye. Miye nitachimba nyuma yake."

Nilivichomeka panapotakiwa. Naye akainua sururu, akachimba, wala hakuniuliza mara ya pili.